Mguu Usionyooshwa Mbele ya Baba Mkwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, Bi Warigia mwalimu wa mazoezi ya viungo, ndugu wauguzi, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi tunaowaaga leo, hamjambo.

Naitwa Norah Aloo, Mama Gordon, wa Kaloleni. Bi Warigia aliniomba niseme kwa niaba ya wagonjwa. Nilimwambia sikusoma sana, na mtoto hanipi usingizi. Akasema, "Njoo hivyo hivyo." Basi mkiniona napiga miayo, si dharau.

Mwaka jana niliteleza bombani na ndoo ya maji, nikavunjika mguu karibu na goti. Plasta ilipotolewa, goti lilikuwa limekaza, halikunjiki. Sikuweza kuchuchumaa, na vyoo vyetu mnavijua. Sikuweza kuinama nimbebe mtoto. Alikuwa akilia sakafuni, nami namtazama, mpaka jirani aje amwinue aniwekee mgongoni. Je, mama wa namna hiyo anaomba nini hospitalini? Anaomba goti likunjike, basi.

Mwanafunzi Maingi, yule pale anayeinamisha kichwa, alinifundisha vizuri. Nilale chali, niinue mguu, niukunje, niunyooshe, asubuhi na jioni. Nikaitikia, "Ndiyo, daktari." Nilipofika nyumbani sikufanya.

Kliniki iliyofuata akalishika goti, akaudhika. "Mama, wewe hutaki kupona? Watu wanangojea nafasi hii. Ukija tena hivi, apewe mwingine."

Nikalifunika goti kwa leso. Ningemwambia nini kijana wa watu?

Mwenzake, Kavata, alikuwa kando anakunja shuka. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Mama Gordon, kwani chumbani mko wangapi?"

"Mimi, bwana yangu, watoto, na pazia," nikamjibu. "Ng'ambo ya pazia yuko baba mkwe, Mzee Zedekiah. Amekuja kutibiwa macho, na mchana kutwa yuko ndani."

"Sasa macho ya mzee na goti lako yanahusiana wapi?" Maingi akauliza.

Kavata akamgeukia. "Wewe! Mama yako anaweza kulala chali arushe miguu mbele ya babu yako?"

Maingi akashika kichwa. "Ai! Hata akiungua moto."

"Ndiyo hivyo," nikasema. "Kwetu pia."

Bwana Mganga Mkuu, hapo ndipo matibabu yangu yalipoanza. Simlaumu Maingi. Alifundishwa goti, akalijua goti. Lakini goti hilo jioni linarudi Kaloleni, na huko lina wakwe, lina majirani, lina sufuria jikoni. Nani alimfundisha hayo?

Bi Warigia aliwapa ruhusa, wakaja nyumbani Jumamosi. Kavata alinionyesha zoezi la kufanya nimekaa kwenye stuli, leso imefunika miguu, huku nachambua sukuma wiki. Lakini lile la kulala halikuwa na mbadala. Nikaona nafasi yangu imekwenda.

Ndipo Maingi, aliyekaa karibu na mzee, akaweka chini kikombe cha chai. Hakutaja mguu wala goti. Alisema, "Mzee, mama ana dawa yake ya jioni. Inataka nyumba iwe kimya kidogo."

 Mzee akachukua kofia yake. "Nyumba hii ina joto," akasema. "Jioni nitakuwa pale holi ya mtaa, niwasikilize wazee waliofanya kazi reli wakidanganyana."

Tangu siku hiyo anatoka kila jioni, na akirudi anakohoa tangu kwenye bomba, nijue anakuja. Macho yake yalipona zamani. Alipaswa kurudi kijijini kabla ya kupanda mahindi. Mpaka leo yuko, na jioni anatoka. Labda ni wale wazee wa holi, labda anangoja goti lipone; sijamuuliza, naye hajasema.

Wanafunzi, mnakwenda hospitali nyingine. Kabla ya kumwambia mtu "lala chali", mwulizeni nyumbani kuna nani. Akinyamaza, msiseme ni mvivu. Ngojeni kidogo, ulizeni tena.

Mtoto huyu mnayemwona mgongoni, leo asubuhi nilimwinua sakafuni mwenyewe. Mzee alikuwa mlangoni, amegeukia nje, anakohoa.

Nawashukuru nyote mlioketi mkanisikiliza. Mungu awatangulie kazini.