Uzi wa Kwenye Picha

Wewe ungemtumia pesa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua hata sura? Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mmoja alikuwa ameshatuma, na tangu Jumanne simu ya muuzaji haipatikani.

"Cherehani ya umeme kwa bei ya pasi, dada, hukushtuka?" akauliza jirani yake, muuza vitambaa.

"Nilikuza picha. Uzi umepitishwa sawasawa mpaka kwenye sindano. Nikasema huyu fundi mwenzangu."

"Picha kaiba kwa fundi. Rahisi ghali, mwenzangu. Haraka ya nini?"

Mimi nami kwa uzi ule ningeamini.

Basi likasimama. Fundi akainuka polepole. "Nilitaka kushonea nyumbani. Nikienda kiwandani, mama namfungia mlango kwa nje, asije akatoka akapotea."