Mguu wa Sentimita na Ngoma Zetu Nne

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kutengeneza redio na kiti cha kinyozi tunayemwita Wembe. Shangazi, muuza kahawa, huweka jiko lake upande wa kivuli. Mwisho wa benchi ni mahali pa Sajenti, aliyepiga ngoma kubwa kwenye bendi ya jeshi miaka ishirini na sita, akastaafu na mabega yaleyale. Mbele yetu, ng'ambo ya uchochoro, ni chumba cha fundi cherehani, Sentimita. Miezi minne iliyopita kiharusi kilimkamata upande wa kushoto akiwa anakata kola. Ulimi ulirudi mzito, mguu ukarudi nusu. Mwanawe anayefanya kazi mji mwingine akapiga simu: nakuja Jumamosi kumchukua baba, akae kwangu. Sentimita hakutaka. Mkewe akasuluhisha: mzee akiweza kuvuka peke yake kutoka benchini hadi mlango wa kazini kwake, hatua zake fupi ishirini na tano, atabaki na cherehani yake. Akishindwa, atakwenda. Na mtaalamu wa mazoezi kule kliniki alikuwa amesema kwamba mguu ukisahau kutembea, sikio linaweza kuukumbusha. Mpigieni muziki wenye ngoma, afuate mapigo. Hakusema ngoma ipi. Hapo kijiwe kikapata kazi.

Jumatatu alianza Sajenti.

— Gwaride. Mambo yamekwisha. Nimetembeza watu elfu kwa ngoma moja, sembuse fundi mmoja?

— Wale elfu walikuwa na miguu elfu mbili mizima, akasema Wembe.

— Penye nia pana njia.

— Njia anaiona, bwana. Ile pale. Tatizo ni mguu.

Nikaweka muziki wa gwaride kwenye spika. Sentimita akasimama, mkono begani kwangu, kisha akaniachia. Mguu wa kulia ulifika kwa wakati wake. Wa kushoto ulifika ngoma imeshapita. Hatua ya nne akayumba, tukamdaka.

— Mnampeleka kama mwizi, Shangazi akasema.

Jumanne ikawa zamu ya Wembe na muziki wa vijana.

— Hii besi inaingilia kwenye nyayo. Inasukuma damu. Damu ni kama maji ya bomba, presha ikiwa ndogo hayafiki ghorofani.

— Umesomea wapi hayo?

— Akili ni nywele, mzee wangu. Na nywele za mtaa mzima zimepita mikononi mwangu.

Vifuniko vya birika vilicheza. Sentimita alipiga hatua sita, akasimama uchochoroni kama mtu aliyepotea.

— Ngoma... nyingi, akasema. Sijui... nikanyage ipi.

Jumatano Shangazi akataka rumba.

— Rumba haimwamrishi mtu. Inakungoja ujiandae.

Sentimita akasikiliza wimbo mzima ameketi, kichwa kikienda huku na huku. Wimbo ukaisha. Hakuinuka.

— Kweli inangoja, akasema Sajenti.

Alhamisi nikaleta yangu, rege. Nikawaeleza vizuri: kwenye rege pigo la kwanza linaachwa wazi, ngoma kubwa inaanguka baadaye. Mguu mbovu utaingia kwenye ule uwazi.

— Debe tupu ndilo linalovuma, nikamalizia.

— Hiyo methali ni ya kumtukana mtu, Shangazi akasema.

— Sawa, lakini ni ngoma gani isiyo tupu ndani?

Sentimita alifika hatua ya tisa, tukapiga makofi mapema, akageuka kutuangalia, akaanguka. Goti likachubuka. Mkewe akaja, akamfuta damu kwa kanga yake, akamchukua.

Ijumaa Sentimita alirudi benchini, goti limefungwa kitambaa, nasi tulikaa tukitafuta wa kumlaumu.

— Ni moyo, akasema Wembe. Moyo uko kushoto, unadunda kwa fujo. Mguu wa kushoto unasikia ngoma mbili kwa wakati mmoja.

— Hapana, akasema Sajenti. Gwaride huanza na mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto ni mkubwa kicheo. Umegoma, unataka heshima.

— Sentimita hajawahi kuwa askari!

— Mguu haujui hilo.

Wakati huo akatokea kijana mwenye begi. Alikuwa mwanawe, amewahi siku moja.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Shangazi, akamsogezea kikombe.

Alimshika baba yake mkono ule dhaifu, akaketi karibu naye. Sisi tukamweleza yote kwa pamoja, gwaride, besi, uwazi wa rege, cheo cha mguu. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

— Kwani baba mwenyewe anapenda muziki gani?

Wembe akaanza kufuta mkasi wake. Sajenti akaangalia viatu. Sentimita ametupima viuno miaka thelathini, anajua nani amenenepa kabla ya mke wake kujua. Sisi hatukujua hata wimbo mmoja anaoupenda. Nikamtazama kijana, nikidhani anatutega.

— Hata mimi sijui, akasema taratibu.

Tukamgeukia mwenyewe.

— Sijawahi... kusikiliza. Cherehani... ilikuwa inapiga kelele.

Sajenti akanyanyuka.

— Zima spika. Fundi, tembea bila kitu chochote. Kijana, mshike kiwiko.

Sentimita akatembea. Sajenti aliinamisha kichwa, macho amefumba. Walipogeuka kurudi, alichukua ndoo ya Shangazi, akamwaga maji, akaipindua, akaanza kuigonga kwa kiganja. Daaa-da. Daaa-da. Daaa-da. Ilikuwa miguu ya Sentimita vilevile ilivyo: wa kulia unakaa chini muda mrefu, wa kushoto unagusa na kuondoka.

— Gwaride ni la miguu iliyo sawa, akasema. Wiki nzima nimempa ngoma yangu. Yake ni hii. Pigo refu lina hesabu mbili, fupi lina moja, jumla tatu. Tulikuwa tunaipiga kwenye dansi za maofisa, watu wanazunguka.

— Maofisa gani? Shangazi akasema. Hiyo ni ya kumbembelezea mtoto. Mama yangu alikuwa anatupigapiga mgongoni hivyohivyo.

Nikarudisha rege, sauti ndogo. Nyuma ya ngoma kubwa kulikuwa na kisahani kidogo cha shaba kinachochechemea: ti-i-ti, ti-i-ti. Nimetengeneza redio maisha yangu yote na sikuwahi kukisikia. Kwenye rumba Wembe alikuta vijiti viwili vinafanya ujanja uleule. Tukaanza kupiga kelele, hapa, hapa, umesikia?

Sentimita akainua mkono.

— Nyamazeni. Nasikiliza.

Tukanyamaza. Aliomba wimbo wa rumba urudiwe. Kisha wa rege. Kisha ule wa gwaride, na Sajenti akafurahi. Kahawa iliisha na hakuna aliyedai nyingine.

Jumamosi asubuhi mkewe alisimama mlangoni pa chumba cha cherehani, mikono kifuani. Sajenti alikalia kiti cha Wembe, ndoo kati ya magoti. Daaa-da. Sentimita akaondoka benchini. Kijana alitembea pembeni yake, mkono karibu lakini haumgusi. Hatua ya kumi ikapita. Kwenye kumi na nne Shangazi akashindwa kujizuia, akaingiza vijiko viwili juu ya ngoma, na Sentimita akasimama ghafla. Wote tukainuka.

— Endeleeni, akasema. Vizuri hivyo.

Alikuwa anafuata mapigo kwa kutikisa kidevu. Akaendelea. Kumi na tisa, ishirini. Ndipo nikaona kwamba kijana naye anachechemea, mguu mrefu, mguu mfupi, mwenyewe hana habari.

Sentimita alishika fremu ya mlango. Alivuta pumzi, akamtazama mkewe, kisha akateremsha macho kwenye miguu ya mwanawe.

— Wewe, akasema. Tembea... sawasawa.

Akaingia ndani, akavuta kiti cha cherehani, akaketi.