Jina la Norbert Juu ya Mlango

Pitchou, zima redio. Charlotte, sogea huku karibu na mdomo wangu, maana sauti inaniisha na haya sitayasema mara mbili. Parseli hii, kiwanja na nyumba yake, ni yenu wawili, msiigawe. Brashi na rangi ni za Charlotte, yeye ana mkono; na weye Pitchou usinune, mstari haujawahi kukunyookea. Mjomba wenu aliyenichongea nikafungwa, akija kwenye matanga yangu mpeni kiti. Nimechoka kumchukia.

Sasa shikeni neno lenyewe. Ni la Norbert, mvuvi wa Makobola, ambaye mkewe Blandine mpaka leo anamwekea bugali.

Mji ulipoangukia askari wengine nilifungwa kasho miezi saba, mnajua. Hamjui kwamba humo nilichora. Nilichukua makala, yale makaa ya jikoni, na karatasi za mifuko ya simenti nikachora magofu, nguzo ndefu za mawe, matao yaliyovunjika, ngazi zisizofika popote, kama yale niliyoyaona utotoni kwenye kitabu cha Kilatini cha mapadri, ila haya yangu hayapo duniani. Sikuwa na huzuni wala woga, wanangu. Nilikufa ganzi mwili mzima, mkono tu ndio uliotembea.

Norbert alilala ubavuni mwangu. Siku moja akasema, "Muzee, mi nikifia humu hakuna wa kuniwekea musalaba. Niandikie jina kwenye hayo mawe yako." Mimi niliyeandika misalaba ya nusu ya Uvira ningemkatalia vipi? Nikaliandika juu ya mlango uliobomoka, herufi kubwa, na Makobola chini yake.

Kamanda wa kasho akaiona karatasi. "Hii nyumba iko wapi?"

"Haiko fasi yoyote, chef. Ni ya kichwa tu."

"Muntu mwenye jina juu ya mulango ya mawe ni mukubwa. Kumbe mukubwa wa adui tuko naye humu!"

Ningeweza kusema ni kaburi, aliomba kaburi. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nikanyamaza. Wakamtoa asubuhi hiyo, na saa sita wakanipa jembe mimi. Nilimzika nyuma ya ukuta wa kasho, penye mti wa avoka, nikarudi ndani nikachora mpaka jioni.

Nendeni kwa Blandine kesho, msingoje nizikwe. Matanga ya mumewe yatangulie yangu. Mwonyesheni mahali. Mpeni ile karatasi, iko chini ya godoro, mwambieni mkono ni wangu na mdomo uliofungwa ni wangu. Akiwafukuza, ondokeni bila kujibu.

Mungu awalinde, awape... awape usingizi. Hapana, Charlotte, maji baadaye. Akiuliza kama nilimlilia mumewe, msinipambe. Mwambieni sikulia. Hata leo... bado sijalia.