Ufa Uhamishiwe Mtaa wa Pili

Benchi letu liko nje ya mgahawa wa Sabri, huku kwetu Bornova, mjini Izmir, chini ya jengo la ghorofa sita tunamoishi sote. Asubuhi hiyo tulikuwa tumefura kwa hasira, mimi wa kwanza. Wataalamu wa miamba walikuwa wamechora ramani mpya ya Izmir, na mstari mwekundu wa ufa wa matetemeko uliojificha chini ya ardhi wameupitisha katikati ya mtaa wetu, bila hata kutubishia hodi! Tena wakataka kuja kutoboa nguzo za jengo wapime zege. Tukawafukuza. Sasa tulikuwa tunaandika barua ya malalamiko, kalamu akiwa nayo Rifki, karani mstaafu wa posta, ambaye tunamwita Profesa.

— Andika! — Sabri alifoka huku akimimina kahawa. — Miaka thelathini niko hapa, huo ufa sijauona hata siku moja!

— Hata mkutano wa jengo haukuja, — nikadakia. — Asiyekuwapo na lake halipo.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, — akasema Nazmi Kikombe, msoma bahati kwenye mashapo ya kahawa. — Sisi ukuta si tunao? Ufa wa nini tena?

— Ni njama ya madalali, — akasema Profesa. — Wanatutisha tuuze nyumba kwa bei ya mchicha.

— Madalali wapi! — Kikombe akapindua kikombe chake, akachungulia. — Huu hapa. Ulikuwa kule Karşıyaka, ng'ambo ya ghuba. Wenyewe wameusukumia huku tangu tulipowafunga mpira!

— Mshenzi aliyechora ramani ni shabiki wao! — Sabri akafoka.

— Na hiyo treni ya chini ya ardhi mnadhani ni treni? Ndiyo iliyouleta, behewa kwa behewa! — nikaongeza.

— Andika, Profesa: tunataka ufa uhamishiwe mtaa wa pili ndani ya siku saba, — akasema Kikombe.

— Siku tatu! — akasema Sabri.

Tukatia saini. Yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Hapo akashuka Nilay, mke wa mwanawe Sabri. Wamehamia ghorofa ya tatu wiki tatu tu zilizopita, na mimba yake ina miezi saba.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Nikupe kahawa?

— Hapana, baba. Nataka kuweka kitanda cha mtoto karibu na ile nguzo nene ya pembeni chumbani, maana wanasema ndipo penye usalama. Nimeifuata kushuka. Ghorofa ya pili ipo, ya kwanza ipo. Humu mgahawani imeshukia wapi?

Macho yetu yote yalikwenda ndani, kwenye meza ya biliadi. Miaka tisa iliyopita haikuwa na pa kukaa, Sabri akaleta nyundo. Profesa alisema jengo zima haliwezi kuitegemea nguzo moja. Kifusi nilikibeba mimi, magunia kumi na manne, na jioni nikacheza mchezo wa kwanza.

Profesa akaikunja barua taratibu.

— Baba? — Nilay akauliza tena, mkono tumboni. — Nguzo iko wapi?

— Kahawa imekwisha, — Sabri akatuambia.

Birika alikuwa amelishika, limejaa.