Bila Kikomo: Miaka Thelathini na Moja ya Mwalimu Wetu wa Hisabati

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mwalimu wetu wa hisabati anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, yote katika shule hii. Wanafunzi humwita Bila Kikomo. Wageni hudhani jina hilo linatokana na mada anayoipenda kuliko zote, yaani ukubwa wa seti zisizo na mwisho. Sisi tunaofundisha chumba cha jirani tunajua linatokana na vipindi vyake, ambavyo kengele haijawahi kuvikatiza.

Alipofika hapa akiwa bado msichana, aliulizwa na mkuu wa shule wa wakati huo angependa madarasa gani. Akaomba yale yanayokimbiwa na wenzake. Akapewa yote, pamoja na chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofungika. Miaka michache baadaye aliolewa na fundi seremala, na dirisha likatengenezwa. Tuliosali apate mume mwema tulikuwa na sababu zetu.

Mfano mmoja utamweleza. Siku moja ya wazazi, kamati ilibishana kutwa kama viti vya ukumbini vingetosha. Yeye akashauri watu waingie tu wakae. Akibaki mtu amesimama, viti ni vichache. Kikibaki kiti kitupu, watu ni wachache. Vyote viwili visipobaki, idadi ni sawa, na hakuna aliyehesabu chochote.

Hapo ndipo alipoanzia kila mwaka na darasa la mwisho. Alizichukua namba moja, mbili, tatu na kuendelea, akaipa kila moja mwenzake kati ya namba shufwa: moja ikapewa mbili, mbili ikapewa nne, tatu ikapewa sita. Hakuna inayokosa mwenzake upande wowote. Kwa hiyo makundi hayo mawili ni sawa kwa ukubwa, ingawa shufwa zinaonekana kama nusu tu. Darasa linagunaguna weee, yeye anatabasamu. Kisha anawaambia kwamba desimali zilizo kati ya sifuri na moja ni nyingi zaidi ya hizo zote, na kwamba huko kusiko na mwisho nako kuna mkubwa na mdogo.

Mwaka mmoja darasani alikuwamo binti wa fundi cherehani, ambaye wenzake walimwita Kwanini. Walimu wengi tulishachoka naye, maana kila jambo alilipinga. Kikao cha kumsimamisha masomo kilipangwa Ijumaa, na baba yake alikwisha kusema kwamba akirudishwa nyumbani, shule basi, atakaa kwenye cherehani.

Jumatano ya wiki hiyo Mwalimu alikuwa ubaoni. Alisema tuchukulie kwamba desimali zote zimepangwa kwenye foleni isiyoisha. Akaunda desimali mpya inayotofautiana na ya kwanza kwenye tarakimu ya kwanza, na ya pili kwenye tarakimu ya pili, hivyo hivyo bila kukoma. Desimali hiyo haimo kwenye foleni, akasema, kwa hiyo foleni haijazimaliza.

Kwanini akanyoosha mkono. Alisema nusu inaweza kuandikwa sifuri nukta tano, au sifuri nukta nne ikifuatwa na tisa zisizoisha. Tarakimu tofauti, namba ile ile. Je, kama hiyo mpya imo foleni tayari, ila imebadilisha nguo?

Darasa likacheka, likasubiri afukuzwe. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Hapo umenishika, mwanangu. Leo sina jibu. Nipe mpaka kesho."

Kesho yake alikuja na jibu. Desimali mpya iundwe kwa nne na tano tupu: pale tarakimu ya foleni ni tano iwekwe nne, na kwingine kote tano. Namba ya namna hiyo haina njia ya pili ya kuandikwa, kwa hiyo haiwezi kujificha. Alimwita Kwanini ubaoni aieleze mwenyewe.

Ijumaa, kila mmoja wetu alisimulia utovu wa adabu wa yule binti. Mwalimu alisimama wa mwisho.

"Huyu hakunivunjia heshima," alisema. "Alinisahihisha, na alikuwa na haki. Tukimfukuza kwa hilo, na mimi niandikieni barua."

Mkuu wa shule akafunga jalada, akahamia ajenda nyingine.

Kwanini alibaki. Leo anafundisha hisabati chuo kikuu, na yumo humu ukumbini, ameketi pamoja na baba yake. Mzee huyo ndiye aliyeshona gauni alilovaa Mwalimu leo. Alikataa kabisa kumwachia fundi mwingine kazi hiyo.

Mwalimu, tunakushukuru kwa madarasa uliyoyachukua tulipoyakimbia, na kwa kutufundisha, sisi wenzako wenye sauti kubwa, kwamba mwalimu anaweza kusema hajui na kesho yake akaheshimiwa zaidi. Nenda sasa ukapumzike. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na miaka mingi ya furaha pamoja na mumeo, wanao na wajukuu. Ukija kututembelea, ingia moja kwa moja; ofisi ya walimu ni kwako.