Mkono Uliokosa Mapigo

Bwana wetu na apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Mama Neema wa Mwankoko, mkulima wa alizeti. Wengi mnanifahamu kama yule mama aliyekuwa anaanguka kanisani. Leo nawaeleza Mungu alivyonitoa huko.

Ilianza na mkono wa kushoto. Nikianika nguo, unachoka na kuuma mpaka naushusha. Baadaye nikiinua mikono wakati wa kusifu, kichwa kinazunguka, macho yanaingia giza, najikuta sakafuni. Watu wakasema ni mapepo. Nikaombewa, nikafunga, nikaombewa tena. Ndugu zangu, niliomba kwa machozi na bado nilianguka. Zahanati walinipima presha mkono huo huo, mashine ikagoma. Wakabadilisha betri, ikagoma tena, wakasema ni mbovu.

Mambo yalifika pabaya siku ya kupura alizeti. Napiga kwa fimbo, mara giza. Nilipozinduka, mama mkwe alikuwa ameshika mkono wangu, umepoa kuliko ule mwingine.

"Elia, mkono huu umechukuliwa," alimwambia mume wangu. "Mpeleke mkeo kwa mganga kabla hajafa."

Elia alimpigia simu mchungaji. Nilitegemea atakuja na mafuta ya kunipaka, kumbe amekuja na bajaji.

"Mama Neema, kukuombea siachi," akasema. "Ila leo tutaomba tukiwa njiani kwenda hospitali."

Daktari aliyenipokea mjini alikuwa mwanamke wa makamo. Alinishika vifundo vya mikono yote miwili kwa pamoja, akitafuta mapigo.

"Mashine yao haikuwa mbovu," akasema. "Mkono wa kulia presha iko juu. Huu wa kushoto, mapigo siyapati kabisa."

Akasikiliza shingoni kwa kipimo chake, akasikia damu inavuma kwa kupita penye upenyo mdogo. Akanipa rufaa kwenda Dodoma kwa daktari wa moyo, nikapigwa picha za mishipa. Ni ugonjwa wa nadra, ndugu zangu, na huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo. Kuta za mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo zinavimba, njia inakuwa nyembamba. Kila nilipoutumikisha mkono, ulikuwa unavuta damu iliyotakiwa kwenda kichwani.

"Kwa hiyo si pepo?" nikamuuliza.

"Ni mshipa, mama. Na dawa ipo."

Nililia mbele yake. Nilikuwa nimeshajihesabu mtu wa laana, hata mwanangu nilianza kuogopa kumbeba.

Dawa zenyewe si mchezo. Zilinivimbisha uso, majirani wakanipongeza kwamba nimenenepa. Daktari alinionya nisiziache ghafla hata nikijisikia mzima, na nikitaka mtoto mwingine nianze kwake kabla sijashika mimba. Nimemsikiliza. Kila anayenipima presha namwambia, "Tumia mkono wa kulia, mwanangu," na wengine wananiangalia kama mjuaji.

Sasa sianguki. Nalima, napumzika, naendelea. Sitawadanganya madhabahuni: mapigo ya mkono wa kushoto hayajarudi, na huenda yasirudi. Lakini daktari alinionyesha kwenye picha jinsi damu ilivyojitafutia vijia vidogo pembeni, ikaufikia mkono. Hakuna binadamu aliyevichimba. Ndugu zangu, nilipoviona nilisema, Bwana, kumbe ulikuwa kazini hata nilipodhani hunisikii.

Namshukuru Mungu, mume wangu, mchungaji na madaktari. Na wewe uliyekaa hapo, mkono wako unachoka bila sababu, au ndugu yako anaanguka na mmeshamwita jina baya, usione aibu. Mtumaini Mungu, ukapimwe, mikono yote miwili. Kliniki yangu ni Alhamisi. Anayetaka twende pamoja anikute mlangoni baada ya ibada.