Tusajigwe, Aliyesema kwa Kidole

Ndugu waombolezaji, dada yetu Tusajigwe Mwakibete alizaliwa tarehe 9 Agosti 1955 katika kijiji kimoja jirani na Tukuyu, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari hadi 1973, na walimu wake wote walikubaliana kwamba ana akili na ana mdomo.

Mdomo huo ndio uliompa kazi, kwani mwaka 1975 aliajiriwa hapa Dar es Salaam kuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010, na kila Jumapili alisoma matangazo usharikani Temeke, akiongeza na yake ambayo mchungaji hakuyaandika. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Daniel Mwaisumo, wakajaliwa watoto wawili, Demetria na Petro, na mwaka 2004 wakahamia hapa Kimbiji, ambako Daniel alizikwa mwaka 2012.

Tarehe 7 Machi 2022 alipata kiharusi, akili ikabaki timamu lakini maneno yakampotea yote isipokuwa moja, Jumatano, akitaka maji ni Jumatano, akikasirika ni Jumatano, nasi tulicheka huku tukilia. Mdogo wake Elinaza, ndiye huyu anayewasomea, aliitisha kikao cha ukoo, kikaamua apelekwe Tukuyu akatunzwe, na uamuzi huo ulipitishwa mbele yake bila mtu kumuuliza, kana kwamba asiyeweza kusema hana la kusema.

Kabla ya safari, mtaalamu wa tiba ya usemi, Bi. Gladness, alileta kishikwambi chenye picha, ukigusa picha sauti inatamka, nasi tukajaza maji, uji, dawa, choo na maumivu, Demetria akarekodi sauti yake, lakini marehemu alikisukuma pembeni kwa majuma matatu, tukaamini akili nayo imeondoka. Bi. Gladness akauliza ni nani aliyechagua picha hizo, tukajibu ni sisi, ndipo akakaa na Demetria wakaongeza picha za watu na za mahali, pamoja na marahaba, mwongo wewe, ndiyo na hapana. Asubuhi iliyofuata Elinaza alimwamkia dada yake shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya mpwa wake Demetria, nyumba nzima ikaangua kicheko, na kabla kicheko hakijaisha marehemu akagusa picha ya Tukuyu, akagusa hapana, akarudia mara nne, akitutazama usoni mmoja mmoja. Safari ikavunjwa, Elinaza akaapa kwamba alikuwa na nia njema tu, akajibiwa mwongo wewe.

Karibu miaka mitatu aliishi nyumbani kwake, akisuluhisha ugomvi wa wajukuu wake watano na kuwasengenya majirani kwa kidole kimoja, hadi figo zilipomwelemea Januari 2025. Akiwa wodini aligusa picha ya Daniel, kisha Kimbiji, kisha kulala, Elinaza akamuuliza mara mbili kama ndivyo anavyotaka, akagusa ndiyo, na tarehe 11 Februari 2025 akaaga dunia. Wazee wa Tukuyu waliotaka mwili urudishwe kwao walisimuliwa hayo, wakapanda basi wakaja wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wastaafu wenzake, majirani wa Kimbiji waliokuja kupiga soga na mtu asiyesema wakarudi wameshindwa maneno, na kwa namna ya pekee Bi. Gladness, aliyetufundisha kuuliza kwanza. Dada, tumekuleta ulipopachagua mwenyewe, pumzika kwa amani.